Uzi: Nimechora halua, kaimati na kashata kwa mitindo tofauti ya kidijitali, kwa simu tu. Karibuni tujadili

MkonoMwepesi (mtoa uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mama yangu mdogo anapika vitamutamu hapa Tanga: kaimati, visheti, vileja, kashata, na Ramadhani ikikaribia anaongeza halua. Aliniomba nimchoree picha za kubandika kwenye maboksi. Nikamwambia nipe siku tatu. Leo ni mwezi wa pili, na kila jioni nikitoka kazini nakaa dirishani na kisahani, simu na kalamu ya kuchorea kwenye kioo. Maboksi yatapata picha zake, inshallah. Ila niliyokutana nayo njiani ndiyo yamenifanya nifungue uzi, maana wachoraji wa simu tuko wengi na haya mambo sijayaona yakisemwa kwa Kiswahili.

Nilichogundua ni hiki: ukitaka kuchora kitu kitamu, usianze kwa kuchagua mtindo unaoupenda. Kitazame kwanza, uone mwanga unafanya nini ukikigusa. Halua inaumeza. Kaimati zinaurudisha kama kioo. Kashata inautawanya hovyo. Mtindo utakaofaa unatokea hapo.

Nianze na halua, maana ndiyo iliyonitesa.

Mara ya kwanza niliichora kama tunavyofundishwa kuchora boksi: upande wa dirishani mwangaza, upande wa pili giza, chini kivuli. Rangi ya msingi kahawia, kwenye giza nikaongeza nyeusi, kwenye mwangaza nikaongeza nyeupe. Nilikaa nayo saa nne nzima. Lozi zilitoka vizuri, kisahani kilitoka vizuri, ila halua yenyewe ilikuwa tofali. Mama mdogo aliitazama kwa muda, akasema, "Lozi hizi nazila. Hiki kingine sikijui."

Kesho yake nilikata kipande chembamba, unene wa kidole, nikakiinua mbele ya dirisha. Kiliwaka! Katikati kulikuwa na wekundu kama wa chai ya rangi ukiinua glasi, pembeni machungwa, na lozi iliyokuwa ndani ikaonekana kama kivuli nyuma ya pazia. Nikakirudisha kisahanini, nikakitazama upya. Upande wa dirishani, ule niliokuwa nauchora mweupe, ulikuwa na giza kuliko nilivyodhani. Na upande wa mbali na dirisha, ule niliokuwa naujaza nyeusi, ukingo wake wa chini ulikuwa na moto mwekundu. Hata kivuli chake kwenye kisahani kilikuwa na doa la machungwa katikati.

Sababu yenyewe ni kwamba halua ni wanga ulioivishwa kwenye sukari na samli, ukakorogwa mpaka ukawa kama jeli. Mwanga hauishii juu yake. Unaingia, unagongagonga mle ndani, unatokea upande wa pili ukiwa umepoteza ubuluu na kubaki na wekundu. Penye unene panakuwa giza, penye wembamba panawaka. Kwa hiyo kwenye halua swali la kwanza kujiuliza ni "hapa pana unene gani?" kabla hata ya kuuliza dirisha liko wapi.

Sasa hivi naichora hivi. Leya ni tabaka za picha zinazolazwa moja juu ya nyingine. Leya ya kwanza ni umbo zima kwa rangi ya giza kabisa ya halua. Kwenye gurudumu la rangi naweka digrii 12 (mahali pa rangi kwenye gurudumu), ukali 75 (jinsi rangi ilivyokoza), mwangaza 25. Nyeusi siigusi. Leya ya pili naibana juu ya ile ya kwanza ili rangi isitoke nje ya umbo, kisha kwa brashi kubwa laini napaka penye wembamba: digrii 24, ukali 90, mwangaza 60 hivi. Angalieni hapo, ukali unapanda pamoja na mwangaza. Wengi wetu tunapandisha mwangaza huku tukishusha ukali, na kitu kinaonekana kimeingiwa na vumbi. Leya ya tatu ni lozi zilizozama: nazichora kawaida, halafu juu yake napitisha rangi ya halua kwa ile hali ya kuzidisha, inayotia giza kila inachokigusa. Mwisho kabisa mng'aro wa samli, vidoa vidogo vyenye kingo kali, vyenye rangi ya mawingu ya dirishani. Nilivihesabu kwenye kipande chenyewe kisahanini, vilikuwa saba. Kwenye picha yangu ya kwanza nilikuwa nimeweka zaidi ya arobaini.

Kaimati ni kinyume kabisa. Ganda lake limekaangwa, mwanga haupiti, lakini shira juu yake ni kama vanishi. Kila moja ina picha ndogo ya dirisha langu, mpaka nondo zinaonekana. Kuzitazama tu nikakumbuka picha za Tingatinga pale Morogoro Stores, Oysterbay. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia mbao za hardboard na rangi ya mafuta, ile ya kung'aa inayopakwa baiskeli. Kung'aa kulikuwa kwenye rangi yenyewe, hakuwa na haja ya kukuchora. Kwenye simu rangi hazing'ai, kwa hiyo ikabidi ung'aavu niugeuze kuwa pambo: kila kaimati ina kidirisha kimoja cheupe chenye mistari miwili ya nondo, umbo lile lile, mahali pale pale. Nyuma rangi mbili zinazokutana, njano chini na nyekundu juu. Kaimati thelathini zimejaa kwenye sahani mpaka zinagusa kingo za picha. Nilijaribu pia kuzichora kihalisia kama halua, zikatoka sahihi na hazikuwa na uhai. Hizi za duara bapa zenye nondo ndizo zinazokufanya umeze mate.

Vileja nimevichora kwa brashi za rangi za maji kwenye leya yenye chembechembe za karatasi. Ni vikavu, vina unga wa mchele, vimepasuka juu. Haikuchukua hata saa moja, sina la kuongeza.

Kashata ya nazi bado inanipiga chenga. Nimejaribu mitindo mitatu. Nitaweka picha zote hapa, naomba mzikosoe bila huruma.

Leya_ya_Tatu

Dada hongera sana kwa uzi huu. Swali la mtu anayeanza: unatumia programu gani na simu ya aina gani? Na kalamu ni lazima?

MkonoMwepesi

Asante ndugu yangu. Programu ni ibisPaint X, ile ya bure yenye matangazo. Simu ni ya kawaida tu, ya bei ya chini. Ukiwa na simu yenye kumbukumbu ndogo, idadi ya leya inakuwa na ukomo, na ukomo unashuka kadiri turubai inavyokuwa kubwa. Mimi nachora kwenye pikseli 2000 kwa 2000.

Kalamu yangu ni ile ya bei rahisi yenye kisahani cha plastiki kwenye ncha, haina nguvu ya kujua umekandamiza kiasi gani. Kwa hiyo mistari yote inatoka unene mmoja. Nimeizoea kwa kuongeza kituliza mkono kwenye mipangilio na kubadilisha ukubwa wa brashi kwa kidole cha mkono wa pili. Lakini halua yote ile nimeichora kwa kidole. Brashi kubwa laini haihitaji kalamu.

Kitu kimoja cha kukuonya: zima ile hali ya kutunza macho usiku. Nilichora kashata ya waridi siku mbili huku kioo kimejaa unjano bila kujua, mkono ukawa unachagua rangi za baridi ili kufidia. Asubuhi nilipofungua picha, kila kitu kilikuwa na zambarau. Kazi ya siku mbili nikaipaka upya.

FundiKeki

Mimi ni mpambaji wa keki Arusha, kuchora nilianza ili mteja aone keki yake kabla sijapiga krimu. Uzi huu umenigusa kwa sababu nimepita njia hiyo hiyo ila kwa keki.

Mwalimu wangu wa mbali ni Wayne Thiebaud, Mmarekani aliyezaliwa 1920 akafariki 2021 akiwa na miaka 101. Huyu mzee alichora pai, keki, aiskrimu na pipi kwa rangi ya mafuta nene, nene kiasi kwamba rangi nyeupe kwenye turubai imekaa kama krimu iliyopakwa kwa kisu. Picha yake ya keki 13 ya mwaka 1963 ipo National Gallery of Art kule Washington. Kabla ya kujulikana alikuwa mchoraji wa mabango, matangazo na katuni, na ukitazama keki zake unauona mpangilio ule wa kabati la dukani: kila keki imesimama peke yake, mandhari ni tupu, kila moja na kivuli chake.

Nilichojifunza kwake ni vitu viwili. Cha kwanza, vivuli vyake ni vya buluu, na si buluu ya kuogopa, ni buluu kweli. Chukua krimu nyeupe, iweke chini ya taa ya njano, halafu tazama kivuli: jicho lako linakiona kina ubuluu kwa sababu kila kitu kingine kina unjano. Ukikipaka kijivu, krimu inaonekana imechacha. Cha pili, mstari wa ukingo. Hakuna mstari mweusi. Ukisogelea ukingo wa keki yake unakuta uzi wa machungwa, pembeni yake uzi wa kijani, pembeni buluu. Ukisimama mbali huzioni hizo nyuzi, unaona tu keki inatetemeka kwa mwanga.

Nikaenda kwenye Krita, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, ni ya bure, nikachukua brashi nene ya mafuta. Picha ya kwanza ilikuwa mbaya sana na nilijua kwa nini siku nilipokuwa kazini. Mkono wangu ukipaka krimu, kisu kimesimama na meza ndiyo inayozunguka. Ubavuni mwa keki michirizi inakwenda mlalo, juu inakwenda mviringo, na pale kisu kinapotoka panabaki kidomo kidogo kimenyanyuka. Kwenye picha nilikuwa napaka kila upande, kisha nalainisha kwa kidole cha programu. Nikaacha kulainisha kabisa. Kila mpigo unafuata njia ya kisu, ukikosea unapiga juu yake mwingine. Keki ikasimama.

Kwa hiyo dada naongeza kwenye hoja yako: tazama mwanga, halafu kumbuka mkono uliokitengeneza kile kitu ulikwendaje.

MkonoMwepesi

FundiKeki, ubarikiwe. Hilo la mkono limeniingia. Mama mdogo anapochota unga wa kaimati anaufinya kwenye ngumi, unatokea juu kati ya kidole gumba na cha shahada, anaukata kwa kijiko kuingia kwenye mafuta. Ndiyo maana kila kaimati ina kijikia upande mmoja! Mimi nimechora thelathini za duara kamili kama gololi. Narudi kuzipa vikia.

RangiYaBaiskeli

Salaam wakuu. Nina neno kuhusu hapo kwenye Tingatinga, na ninalisema kwa heshima maana picha ni nzuri.

Nimekaa na mafundi wa picha hizi miaka mingi. Watu wakiona rangi kali na madoadoa wanasema ni Tingatinga. Kilichoijenga kazi ile ni utaratibu. Unapaka mandhari yote kwanza, unaiacha ikauke. Unachora umbo, unalijaza, unaacha likauke. Ndipo unarudi na brashi nyembamba kwa mistari, manyoya, magamba, vidoa. Rangi ya mafuta haikupi ruhusa ya kukimbia, ukigusa kabla ya wakati unaharibu yote. Na hakuna kufuta. Kwa hiyo fundi anajifunza kupiga kidoa kimoja, kikiwa kimekaa, basi kimekaa.

Picha yako ya kaimati, dada yangu, nimeivuta karibu nikaona kwenye maganda umetumia brashi laini inayofifisha, kahawia inageuka njano polepole. Mandhari kufifia sawa, hilo lipo. Lakini umbo lenyewe likififia linapoteza nguvu. Jaribu rangi nzito asilimia mia moja, bila ufifishaji, na ujizuie kubonyeza kutendua, kile kitufe kinachofuta ulichochora mwisho. Mzee mwenyewe alifariki 1972, alichora miaka michache tu, na wanafunzi wake ndio wakaubeba mtindo mpaka ukawa na chama chake cha ushirika mwaka 1990. Waliubeba kwa kupiga kidoa namna hiyo.

MkonoMwepesi

Kaka, nimekusikia na nimefanya. Jana usiku nilifungua turubai mpya, brashi moja ngumu, saizi tatu, bila kutendua. Nilikuwa na hofu isiyo na maana, kidole kinaelekea kwenye kitufe chenyewe. Kaimati kumi za mwanzo zimepinda. Kuanzia ya kumi na tano hivi mkono ukatulia. Vikia vimetoka vizuri kuliko nilivyopanga kwa sababu sikuwa na namna ya kuvirekebisha, kila kimoja kina kona yake.

Ile ya kwanza nimeiondoa kwenye uzi na nimeweka hii. Na nitaiita picha iliyofuata njia ya Tingatinga, sitaiita Tingatinga.

MtuWaMuttrah

Asalaam aleikum. Nawasoma kutoka Maskati. Wazazi wangu walitoka Unguja, kwa hiyo halua kwetu ni jambo la nyumbani pande zote mbili.

Nimejaribu njia yako, bibie, nikashindwa, na nadhani najua sababu. Halua ya huku mara nyingi inakuja ndani ya bakuli, imejazwa ingali moto, na juu wamepanga lozi na korosho. Ni laini kuliko hiyo yenu ya kukata, unaichota kwa kijiko. Kwenye bakuli hakuna ubavu wa kupitisha mwanga. Ule moto wa ukingoni sikuuona popote. Nilichoona ni uso mmoja unaong'aa kama maji ya kisima.

Na rangi zinatofautiana mno. Ya zafarani ina machungwa ya kuelekea dhahabu, ya sukari nyekundu ni nyeusi kabisa. Nikipaka kwa namba zako naipata moja tu kati ya hizo.

MkonoMwepesi

Wa aleikum salaam shehe wangu. Umenifungua macho, kweli namba zangu ni za kipande kimoja kilichokatwa, kwenye kisahani cheupe, saa kumi na moja jioni. Zisichukuliwe kama kanuni.

Lakini nakuomba ujaribu kitu. Chota kijiko kimoja, kinyanyue juu ya bakuli, uichore pale inapovutika. Pale katikati ya kijiko na bakuli halua inakuwa utepe mwembamba, na nyuma yake kuna mwanga. Moto wako utaupata pale. Halafu bakuli: kama ni jeupe la kauri, ukingoni ambako halua ni nyembamba lazima kuna mstari mwekundu umezunguka wote. Bakuli la bati halitakupa hiyo.

MtuWaMuttrah

Nimeichora usiku huu. Utepe wa kijiko umewaka kama ulivyosema, na mstari wa kuzunguka bakuli upo. Nilikuwa nauona kila siku ya Idi na sikuwahi kujua kuwa nauona. Nimeweka na kikombe cha kahawa pembeni, nyeusi isiyopitisha kitu, ili macho yapate pa kulinganisha. Picha hiyo hapo chini. Allah akulipe.

BuyuJekundu

Nyie wote mwachora makubwa makubwa, mie nachora madogo. Mie ni wa Mombasa, kazi yangu sanaa ya pikseli, turubai ya 32 kwa 32, rangi sita tu. Kitu changu ni mabuyu.

Ufundi wake uko hivi. Mbegu moja ya buyu naipa upana wa pikseli tano. Kwa tano hizo huna nafasi ya kufifisha, kila pikseli ni uamuzi. Nyekundu iliyokoza chini, nyekundu ya kawaida katikati, waridi moja juu kushoto. Nyeupe siweki kabisa, kwa sababu mabuyu yamevaa sukari na rangi, hayang'ai. Siku nilipoweka pikseli moja nyeupe yaligeuka zabibu mbele ya macho yangu. Pikseli moja, wallahi.

Sasa kwa kashata yako ilokushinda, dada. Nimezitazama zile picha tatu. Wajaribu kuchora kila uzi wa nazi. Hazichoreki hivo. Kwangu mie kashata ni waridi mbili zilokaribiana, na nyeupe iliyotupwa tupwa bila mpango, kama asilimia ishirini ya pikseli zote, nyingi zaidi ukingoni kulikokatwa na kisu. Jicho la mtazamaji lajua nazi, litazimalizia zenyewe nyuzi.

Na ukikuza picha ya pikseli uikuze mara kamili, mara kumi au mara ishirini, uzime ulainishaji. Ukikuza mara tatu na nusu zaharibika zote.

MkonoMwepesi

Mashallah. Nimekaa na ushauri wako siku mbili. Nilichukua kashata nikaiangalia kwa kukunja macho, ndipo nikaona ni kweli, nyuzi zinapotea na kunabaki madoa tu. Kila kipande cha nazi kimekaa kwa pembe yake, kwa hiyo kila kimoja kinarusha mwanga kwake. Ndiyo maana haiwi na mng'aro mmoja wala kivuli kimoja.

Sikwenda kwenye pikseli. Nilitengeneza brashi yangu mwenyewe: nikachora vipande tisa vya nazi vyeupe kwenye picha ndogo, nikaifanya mhuri, nikaiambia programu iuzungushe hovyo kila unapogonga. Napiga mihuri michache kwenye waridi, zaidi ukingoni kama ulivyosema, halafu nafuta sehemu ili pawe na kupumua. Kashata imetoka. Miezi miwili, na jawabu limetoka kwa mtu wa mabuyu.

Leya_ya_Tatu

Naomba kuuliza tena. Nikishachora, nikipeleka kuchapisha rangi zinatoka zile zile? Nina mpango wa kuchora kadi za keki.

MkonoMwepesi

Hazitoki zile zile, na hili limenigharimu. Wiki iliyopita nilipeleka karatasi ya kwanza ya lebo kwa mchapaji mmoja hapa mjini. Halua ilitoka vizuri sana. Kashata ya waridi ilitoka kama imekaa juani mwezi. Nililalamika, nikarudi nyumbani na hasira, nikaja kuelewa baadaye kwamba mchapaji hakuwa na kosa lolote.

Kioo cha simu kinatengeneza rangi kwa kuchanganya taa: nyekundu, kijani, buluu. Mashine ya kuchapa inachanganya wino: samawati, majenta, njano na nyeusi, juu ya karatasi. Kuna waridi na machungwa makali ambayo taa inayaweza na wino hauyafikii. Mashine inachagua rangi ya karibu yake, na ya karibu yake imefifia.

Nilichofanya: nimeshusha ukali wa waridi mimi mwenyewe mpaka mahali ambapo wino unafika, halafu mandhari nimeibadilisha kutoka nyeupe kwenda kijani chenye majivu. Waridi ile ile, ikikaa pembeni ya kijani kilichotulia, inaonekana imechangamka. Kwenye karatasi ya pili tofauti ilikuwa kubwa. Mwenye kompyuta afanye kazi hii kwenye Krita, ina uwezo wa kufanya kazi moja kwa moja kwenye rangi za wino, utaona hasara kabla hujalipia.

Na ukubwa: kwa kuchapa hesabu pikseli 300 kwa kila inchi. Lebo ya sentimita 8 inataka pikseli 945. Turubai ya 2000 inakutosha mpaka sentimita 17 hivi.

FundiKeki

Na mwishowe maboksi yamepata nini? Mama mdogo kachagua zipi?

MkonoMwepesi

Kaimati kachagua zile zilizochorwa bila kutendua, zenye vikia. Aliweka kidole kwenye kikia kimoja akasema, "Hii niliikata vibaya." Kashata ya mihuri kaikubali. Vileja vya rangi za maji kavikataa, anasema vinaonekana vya jana, narudia.

Halua ndiyo tuliyokaa nayo zaidi. Nilimwonyesha ya sita. Hakusema kitu. Alienda jikoni akarudi na kipande chembamba na karatasi ya nailoni, akaniambia niweke kioo cheupe kitupu, mwangaza hadi mwisho. Akatandika nailoni juu ya simu, akalaza kipande juu yake. Mwanga wa kioo ukapanda ndani ya halua kutoka chini, ikawaka yote, na lozi moja imesimama katikati kama mdudu kwenye kaharabu. Nikachukua simu ya mdogo wangu nikafungua picha yangu, tukaziweka ubavu kwa ubavu.

Ukingo wangu ulikuwa na machungwa mno. Nimeushusha kutoka digrii 24 hadi 19, ukali nimeuacha pale pale, na zile lozi zilizozama nimezisogeza chini kidogo kwa sababu halua ikiwa ya moto lozi hazikai sawa. Hiyo ndiyo picha ya saba, na ndiyo iliyokwenda kwa mchapaji leo asubuhi. Nimeipakia hapa ikiwa na leya zake zote, mwenye kutaka kuifungua na kuichokonoa aichukue.